Pete ya Shingoni mwa Nakiru

Nakumbuka asubuhi moja ya mwaka wa 2012, nikitoka Lodwar kwenda Kakuma kwa pikapu yangu mwenyewe, shati jipya mwilini, na kando yangu pete ya shingoni niliyoifunga kwa kitambaa cheupe. Nilikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwanangu, lakini njia nzima niliimba peke yangu. Mtu angenizaba kofi siku hiyo, ningemshukuru hadi leo.

Juzi uliniambia unakwenda kutafuta pesa, na kwamba yule msichana wa Kataboi atakungoja. Ulisema kwa uhakika sana. Nikanyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali; nilikuwa nimeikumbuka ile pete. Wewe ni mtoto wa dada yangu na mimi sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo keti nikueleze.

Nilimpenda Nakiru tukiwa vijana Lorugum. Baba yake alikuwa na mifugo. Sisi ukame ulikuwa umetufagia. Kwetu huwezi kwenda kwa wazee mikono mitupu ukaomba binti, basi nikamwambia nakwenda Kitale, nitarudi na mahari. Kabla sijaondoka nilichana jani la mkoma, nikalipitisha shingoni mwake chini ya shanga, nikatia fundo la alama pale lilipokutana, kisha nikaliondoa liwe kipimo changu. Nilitaka kumtengenezea pete ya chuma, ile wanayovaa wanawake wetu wakishaolewa kamili. Alicheka, akasema, "Usichelewe." Hiyo ndiyo ahadi yote tuliyokuwa nayo.

Nilichelewa. Nilipakia mahindi kwenye malori, nikawa utingo, nikawa dereva. Sikutuma hata salamu, maana niliona haya kutuma salamu bila mbuzi. Lile jani nililiweka ndani ya kopo la tumbaku, na kila nilipolifungua nilimwona Nakiru vilevile, msichana, anacheka. Miaka ikapita, nikaambiwa anaishi Kakuma na mwanamume anayeitwa Ekal, wana watoto watatu. Nilijiambia hilo halibadilishi kitu.

Halafu watafutaji wa mafuta wakaja Turkana, wakihitaji magari ya kukodi. Pikapu yangu moja ikazaa nyingine mbili. Nikajenga nyumba ya mawe Lodwar, dirisha likitazama kilima, kwa sababu Nakiru aliwahi kusema angependa hivyo. Nikanunua vikombe vya maua, nikakataza mtu yeyote kuvinywea. Watu walisema nimerogwa. Mimi nilijiona mwaminifu kuliko wanaume wote wa dunia!

Nilipopata habari kwamba Ekal hajamaliza mahari, nikafurahi. Alipeleka mbuzi wachache miaka ya mwanzo, kisha akakoma. Unajua desturi yetu: mahari isipokamilika, mama na watoto bado ni wa boma la baba yake, na mwanamume mwingine akija na mifugo kamili, wazee wanaweza kumsikiliza. Nikaenda Lorugum na sukari na tumbaku. Baba yake Nakiru aliniuliza habari za ng'ombe, ngamia na mbuzi, nami nikajibu kila swali bila kubabaika.

"Lete," akasema. "Wakifika hapa nitatuma ndugu zake wamchukue, yeye na watoto."

Hakuna aliyetaja kumwuliza Nakiru mwenyewe, na mimi nilikuwa wa kwanza kutotaja. Nikampelekea fundi wa chuma lile jani, akanifulia pete kwa kipimo chake. Ndiyo niliyokwenda nayo Kakuma.

Nakiru alikuwa anauza chai karibu na kambi, kwenye kibanda cha mabati na maturubai. Wakimbizi wawili wa Sudan Kusini walikuwa wanamalizia vikombe vyao. Shanga zilimfunika shingo hadi kidevuni. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok-noi," nikaitikia.

Kabla hatujasema zaidi akaingia mwanamume mwembamba na mitungi ya maji. Alikuwa Ekal. Aliposikia natoka Lorugum aliweka mitungi chini, akatoa kigoda chake mwenyewe, kile wanaume wetu hutembea nacho, akaniwekea nikae.

"Wewe ni wa kwao mama watoto," akasema. "Basi wewe ni mgeni wetu. Ngoja nilete maji ingine."

Nikakaa juu ya kigoda cha mtu niliyekwenda kumnyang'anya nyumba. Alipotoka, nilimweleza Nakiru kila kitu: mifugo, neno la baba yake, dirisha. 

"Baba alikuambia Ekal aliacha kuleta mbuzi?"

"Ndiyo."

"Alikuambia ni kwa nini?"

Nikasema sikuuliza. Akaanza kuvua shanga, mzunguko baada ya mzunguko, na zilikuwa nyingi. Chini yake kulikuwa na kovu kutoka upande mmoja wa shingo hadi mwingine.

"Nilifura hapa. Hata chai ilikuwa haipiti. Ekal aliuza mbuzi zote za baba, zile alikuwa ameweka, akanipeleka hospitali. Alilala chini ya kitanda yangu mpaka nikatoka." Akaweka kidole juu ya kovu. "Hizo mbuzi unasema hazikufika, ziko hapa."

Hapo mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nilifungua kitambaa. Nakiru aliichukua pete, akaijaribu. Ncha zake hazikukaribiana, na chuma kilimbana kwenye kovu. Akaivua taratibu, akanirudishia.

"Hii ni ya yule msichana," akasema. "Alikungoja, usifikirie hakukungoja. Siku moja akachoka. Sasa ukipeleka hiyo mifugo, ndugu zangu watanileta Lodwar kwa nguvu. Utafungua mlango, utaona mtu hujui. Na mimi pia sikujui."

Nikaifunga tena pete kwa kitambaa. Ekal aliporudi nilikuwa nimesimama, nikatoa noti nilipe chai. Akakataa.

"Weka pesa yako, ndugu. Hapa ni nyumbani."

Nililia barabarani, mwanangu. Nilisimamisha gari kwenye laga, mto mkavu wa mchanga, nikalia kwa kwikwi. Nililia miaka yangu, na nililia aibu, maana kama yule mwanamke asingevua shanga zake, ningekuwa nimewavunjia watoto watatu nyumba yao huku nikijiita mwaminifu.

Kesho yake nilikwenda Lorugum kujitoa. Mzee alikasirika sana.

"Najua alipasuliwa," akasema. "Lakini umenionyesha mifugo, sasa unaificha?"

Nikamwachia dume moja kwa kosa la kumchezea, nikamwomba ampe Ekal muda. Mwaka uliofuata Ekal alikamilisha mahari kwa jasho lake. Siku ya kuchinja ng'ombe wa arusi nilialikwa, na kazi yangu ilikuwa kumleta fundi wa chuma kwa pikapu. Alimpima Nakiru shingoni pale pale, mbele yetu sote. Nilikula nyama na wengine.

Pete yangu ndiyo ile unayoiona ukutani, karibu na dirisha la kilima. Vile vikombe tunavinywea siku hizi.

Kwa hiyo nenda ukatafute pesa, sikuzuii. Ila pitia Kataboi kwanza. Peleka hao mbuzi wawili ulio nao, wazee wakuone, na umwulize yeye mwenyewe anataka nini. Ukiwa mbali tuma salamu hata mfuko ukiwa mtupu. Uliza nani ameugua na nani amemwuguza. Ukichelewa ukakuta ana maisha mengine, usihesabu mifugo ya mwenzako kabla hujajua ilikokwenda. Kumpenda mtu ni kumjua alivyo leo, na hilo huwezi kulifanya kutoka ndani ya kopo la tumbaku.

Mungu wa mvua akutangulie njiani, mwanangu. Akupe mifugo, na akupe macho ya kumwona aliye mbele yako. Siku utakayomvisha mkeo pete, imtoshe.