Ami Alipokuja Kilimani

Nilipomaliza chuo kikuu, miaka ya themanini, nilipata kazi ya kuvalisha watu buti. Kaskazini mwa London palikuwa na kilima cha mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ila chenyewe hakikujua theluji. Mteremko wake ulitandikwa plastiki yenye nywele ngumu, kama brashi ya kusugulia sakafu, na ulimwagiwa maji ili watu wateleze. Wazungu walikuja kujifunza kuanguka hapo kabla ya kwenda kuanguka Uswisi. Kazi ilikuwa ya msimu wa baridi tu, na katikati ya wiki palikuwa kimya, mimi na hita na kitabu changu. Mteja akija nilipiga goti, nikamwingiza mguu ndani ya buti ngumu kama ndoo, nikambana vifungo vya chuma. Sikuona aibu. Miguu ni miguu.

Msimu huo wa kwanza nilipeleka posa. Sisi watu wa Unguja, hata tukiwa Ulaya, wenye binti hawajibu posa mpaka waulizie. Humtafuta mtu anayemjua kijana, wakamuuliza kwa siri. Akimtia ila, basi. Akisema hana la kusema, ni vibaya zaidi, maana kila mmoja hujijazia mwenyewe. Niliwahi kumuuliza mama ni nani aliyeamua kwamba kunyamaza ni ushahidi. Alisema chuo kimeniharibu.

Kuhusu mimi walimuuliza ami. Hakuwa ami wa damu. Alikuwa jirani yetu Tottenham, mtu aliyetoka nyumbani baada ya Mapinduzi na ambaye bado alisimulia nyumba yao ya Mji Mkongwe, ambako palikuwa na mtumishi wa kumvua viatu akitoka shule. Aliwaambia, "Msomi, sikatai. Lakini anashinda amepiga magoti mbele ya miguu ya Wazungu." Posa ikarudishwa. Kabla ya msimu kwisha, yule niliyemtaka alikuwa ameolewa na mhasibu wa Leicester. Mama alipomwendea ami kumuuliza, alijibu kwamba yeye kaulizwa na kasema kweli, na akamkaribisha chai.

Msimu wa pili nilirudi kilimani, nusu kwa shida na nusu kwa ukaidi. Ndipo mwana wa pekee wa ami naye akaposa. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja chuoni, kwa hiyo watu wa binti waliulizia kwangu, wakanipigia simu kazini. Kijana hakuwa na ila, ukiondoa kuvaa sweta zangu bila kuomba.

"Mimi sina la kusema," nikawaambia, nikaiweka simu chini taratibu. Nilisikia raha mpaka vidoleni.

Ami alikuja mwenyewe, mvua inanyesha, koti limelowa mabegani. Nikamwamkia, akaitikia, akataka kukaa. Nilimweleza kwamba benchi ni la wanaokodi buti, amri ya meneja. Amri hiyo ilikuwapo kweli, ingawa sikuwahi kuifuata. Akalipa. Nikapiga goti, nikamvua viatu, nikamvalisha, nikambana vifungo kimoja kimoja, naye anazungumza juu ya kichwa changu: kwamba mwanawe hali chakula, kwamba watu wa binti wamekwisha kuanza kunong'ona juu ya ulevi na maradhi, kwamba neno langu moja litatosha.

"Simu ile pale kaunta, ami. Wapigie hao watu wa binti wewe kwanza. Waambie ulivyosema juu yangu, na useme kwamba ulinionea."

"Mwanangu, mimi mtu mzima."

"Na mimi nilikuwa mtu mzima."

Ami akainuka. Asiyezoea buti zile hutembea kama mtoto anayejifunza, magoti yamepinda, mikono inatafuta ukuta. Alikwenda hivyo hadi kaunta, mzee aliyekuwa na wa kumvua viatu, na sikumshika mkono. Akapiga simu. Alianza kwa kuzunguka, habari za nyumbani, habari za baridi, mpaka nilipokohoa. Ndipo akasema. Alisema kwamba kazi yangu ilikuwa ya halali, na kwamba alinionea kwa kiburi chake tu.

Akanipa mkono wa simu. Nikasema, "Kijana wake hana neno, mwozesheni. Na babake mmemsikia wenyewe."

Walioana. Mimi yule wangu sikurudishiwa, na wala sikuwa nimetazamia. Watu huniuliza kulipiza kumenisaidia nini. Nawajibu kwamba hawajajaribu.

Siku ile, baada ya simu, ami alirudi kwenye benchi akivuta pumzi, akanyoosha miguu mbele yangu. Vifungo vile mgeni hawezi kuvifungua mwenyewe. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama mmoja wa Kizungu na watoto wake wanne, wote wanataka buti. Nikawahudumia wao kwanza, wote, bila haraka.