Magunia ya Kumpoza Kware

Roselida alikuja kwenye kibanda changu cha Malaba mwezi wa Januari, akapita rundo la magunia ya nailoni bila kuyatazama, akaenda moja kwa moja nyuma ninakoweka yale ya katani yanayoingia na kahawa kutoka Uganda. Akachomoa moja, akalinusa, akalivuta huku na huku.

"Hili linakunywa maji?"

"Gunia ni la kubeba, dada. Ukitaka kitu cha kunywa maji nunua sponji."

"Nimeuliza linakunywa ama halinywi."

Nikamwambia linakunywa. Nikaongeza kwamba ya katani yameadimika siku hizi, jambo ninalomwambia kila mteja anayeshika gunia la katani. Akacheka.

"Mimi ni mtu wa Funyula, dada, lakini nimekaa hapa border miaka ya kutosha. Hizo za kuadimika waambie wageni."

Nilimpenda kidogo kwa hilo. Mapenzi yakaisha aliposema hana cha kulipa. Alichokuwa nacho ni kware.

Asiyejua mambo ya kware nitamweleza kwa ufupi. Huku kwetu watu huwafuga wale madume wanaoita. Kila mmoja anakaa katika kizimba chake cha fito, na vizimba vinatundikwa kwenye mlingoti mrefu shambani. Mvua ikianza, dume huita alfajiri, na kware wa porini wanafuata sauti mpaka kwenye mitego iliyo chini. Dume mwenye sauti nzuri ana bei ya mnyama. Huyu wa Roselida alikuwa ameahidiwa mbuzi jike na mzee mmoja wa Moding aitwaye Elungat, kwa sharti moja: mvua ya Machi ikifika, ndege awe hai na awe anaita.

Tatizo lilikuwa katikati ya hapo na Machi. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimewaua madume wengine wote wa Roselida, na hiki cha sasa kilikuwa kimeanza kwa ukali zaidi. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu.

"Nipe magunia sasa," akasema, "mtoto wa kwanza wa huyo mbuzi ni wako."

"Na ndege akikufa?"

"Hakufi."

"Naomba jibu, sijaomba sala."

Akafikiri. "Akikufa nitakushonea magunia yako yaliyotoboka mpaka mvua iishe."

Nikampa shazia na gunia lililopasuka. Alishona haraka na mshono ukakaza. Nikapiga hesabu yangu: ndege akiishi napata mwana-mbuzi, akifa napata fundi wa bure. Tukakubaliana.

Mali yangu huwa naifuata. Baada ya siku chache nilikwenda kwake, chumba cha kupanga chenye ua mdogo unaopakana na barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka. Mlingoti wa marehemu baba yake ulisimama katikati ya ua ukiwa mtupu. Vizimba vilikuwa chini, kwenye matofali, kando ya ukuta.

Jirani yake Brigid alikuwa anafua. "Umeona hiyo, mama?" akaniambia. "Amelaza kware chini kama kuku. Mwaka huu ataita kokoriko."

Wengi walimcheka hivyo. Desturi inasema kware wa mlingoti hashushwi, akishuka sauti inapotea. Nilipomuuliza, Roselida alinijibu akiwa amechuchumaa, hajageuza kichwa. "Huko juu hakuna hata kivuli cha unyoya. Desturi ilipangwa na watu ambao jua lao halikuwa hili."

Lakini na yeye alikosea. Alikuwa amefunika vizimba pande zote kwa magunia yaliyolowa, akidhani ubaridi utabaki ndani. Kware jike mmoja aliyekuwa amembakia alikufa mchana huohuo, tukiwa tunaongea. Tulipofunua, mvuke ulitupiga usoni kama wa sufuria ya viazi. Dume alikuwa amefungua mdomo, anahema, mabawa yameachana na mwili.

"Nimempika," akasema Roselida. Hakulia. Alimtupa jike shimoni, akarudi, akararua magunia ya pande mbili ili hewa ipite, akaacha moja lenye maji upande unakotoka upepo na jingine kavu juu kama paa, likiwa limeinuliwa kwa fito lisiguse kizimba. Akavunja mtungi wa zamani, akaweka kigae chake sakafuni mwa kizimba na kukilowesha. Dume akalala juu yake tumbo chini. Maji ya kunywa aliyaweka kwenye kifuniko kipana chenye mawe, akawa anayabadilisha kila yanapopata moto.

Hivyo ndivyo alivyoishi Februari nzima. Hakwenda harusi, hakwenda mazishi ya mbali. Aliyemwita alijibiwa, "Nina mgonjwa."

Kivuli kizuri zaidi kilitoka barabarani. Jua likianza kushuka, kontena la lori lililosimama kwenye foleni lilifunika ua wote. Shida ni kwamba lori hilohilo lilileta moshi na joto la injini. Siku moja nilimkuta akigonga mlango wa lori kwa mwiko. Dereva, Okurut, Mganda wa upande wa Tororo, akachungulia.

"Nyabo, unataka nini?"

"Zima injini."

"Nikizima AC inakufa. Nitaiva humu."

"Ukiiva wewe utashuka utembee. Ndege wangu hawezi kushuka."

"Ndege? Nyabo, kware ni mboga!"

"Mboga ni wewe na hilo tumbo. Zima, nikupe maji ya kuoga na sabuni."

Okurut alitazama foleni, akaona haisogei, akazima. Aliogea nyuma ya nyumba akiimba. Habari ikaenea kwa madereva, na kuanzia hapo lori lililosimama pale lilizimwa. Kuchota maji ya kuwaogesha wanaume wakubwa namna ile kulimchosha kuliko ndege mwenyewe.

Mwisho wa Februari, Elungat alikuja kutoka Moding kuangalia mali yake. Akaona kizimba chini, uso ukabadilika.

"Mama, ndege ya mlingoti haishuki chini. Hii imeharibika."

"Haijaharibika, mzee. Ngoja mvua."

"Pandisha sasa niisikie."

Ilikuwa saa ya adhuhuri. Jua lilikuwa wima.

"Sipandishi."

"Basi mbuzi inabaki kwangu."

Nilimvuta Roselida pembeni. Nikamwambia ampandishe dakika chache tu, mzee aridhike, tumshushe. Nilikuwa natetea mwana-mbuzi wangu, sifichi.

"Dada," akanijibu, "mbuzi akienda nitatafuta mwingine. Huyu akifa sina cha kutafutia. Na kama umechoka na mimi, magunia yako hayo hapo, yachukue."

Yalikuwa yanachuruzika maji na yameanza kuota ukungu. Sikuyachukua. Elungat akaondoka akisema ametembea bure.

Mvua ya kwanza ya Machi ilinyesha jioni, radi nyingi na matone machache kwenye vumbi. Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, Roselida alipandisha kizimba mwenyewe, kamba ikimkata viganja. Ndege alikaa kimya mpaka Brigid akatoka na kikombe cha chai kuja kushuhudia aibu. Kisha akaita. Aliita mpaka madereva wakashusha vioo.

Elungat alirudi wiki hiyo. Kware wake wa Moding, waliobaki mlingotini kama desturi inavyotaka, walikuwa wamekauka wote kwa jua, na mashamba yalikuwa yamejaa sauti za kware wa porini. Nilihakikisha nipo. Alikuja na mbuzi mwembamba.

"Huyu siye," akasema Roselida. "Yule mnene yuko wapi?"

"Yule alienda kwa matanga."

"Ulimla mbuzi wangu?"

"Alikuwa bado wangu, mama."

Hapo nikaingia. Tulivutana mpaka akaongeza beberu wake kumpanda huyo jike bila malipo, na kamba mpya. Roselida alimkabidhi ndege pamoja na kigae chake, akamwonyesha upande wa kuweka gunia lenye maji. Elungat alisikiliza akitazama kwingine.

Sasa kila mtu ana chake. Elungat alitega vizuri msimu wote, na desturi bado anaisifu, ingawa Januari hii alinunua kwangu magunia mawili ya katani na hakusema ya nini. Yangu ya kwanza yalirudi yameoza, hata kuwasha moto hayakufaa, na fundi wa bure sikumpata. Mbuzi alizaa dume moja, nikalichukua, nikaliuza kwa mchinjaji. Roselida hana tena wa kuita alfajiri kwenye ua wake, mlingoti amegeuza nguzo ya kamba ya nguo, na mbuzi wake ana mimba ya pili, ambayo yote ni yake.