Umeitoa Dunia?

Ungemwambia Noelene Durkin kwamba ana wivu, angekufukuza kwa ufagio. Wivu ni wa watu wasio na kazi, naye kazi alikuwa nayo. Tangu usichana wake alipanda na kushuka ule mlima wa darubini juu ya Coonabarabran, akiwakwepa kangaruu barabarani, na jioni akarudi kwa mumewe Kev na kondoo wake. Alianza zamani, nyuzi za kioo za kubeba nuru zilipokuwa zikipachikwa kwenye darubini kwa mkono, kila uzi na nyota yake, mpaka kucha zinauma. Siku hizi roboti ndiyo hupachika, naye husoma kinachotokea upande wa pili: nuru ya nyota imepasuliwa rangi zake zote, na ndani yake mna mistari myeusi. Mistari ikisogea kwenye wekundu, nyota inatukimbia. Ikisogea kwenye buluu, inatujia. Ukijua imesogea kiasi gani, umeijua kasi. Noelene alikwishapima nyota kwa maelfu, na kazi hiyo aliipenda kuliko alivyowahi kumwambia Kev.

Kisha akaja Tamsin Okell kutoka Hobart.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na huyu hakuwa kidonda hata kidogo, ndiyo shida yenyewe. Alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi wa utani, na keki zake za chokoleti na nazi ziliwafanya watu wasahau kwamba Noelene naye huoka. Garth, mkuu wa kituo, ambaye hakuwahi kuuelewa mzaha wa Noelene hata mmoja, aliucheka wa Tamsin kabla hajafika nusu ya sentensi. Noelene aliyaona hayo yote, akasema hana neno.

Lakini neno alikuwa nalo. Upimaji mpya wa nyota ulikuwa unakuja, mkubwa kuliko wote uliopita, na ulihitaji kiongozi. Mlima mzima ulijua kwamba atakuwa mmoja wa hawa wawili. Noelene alikwisha kuichagua hata meza, ile ya dirishani. Ndipo Tamsin akapata nyota ya ajabu.

"Nol, umesikia?" Garth alimwita kutoka kwenye ukumbi. "Tam kapata nyota mtoro! Inaiacha galaksi moja kwa moja, hairudi tena!"

"Nimesikia. Hata kondoo wa Kev wamesikia."

Garth hakucheka. Noelene akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akaifungua safu ya kasi kwenye kompyuta kuitafuta ile nyota.

Kuna jambo moja alilomfundisha kila mgeni wa mlima ule. Dunia yenyewe haikai, inalizunguka jua mbio, na anayeipima nyota akiwa juu yake ni sawa na mtu aliye ndani ya gari akipima mwendo wa gari jingine. Lazima mwendo wake mwenyewe autoe kwanza. Pale mlimani hilo huitwa kuitoa Dunia, na mwanafunzi akisahau hutaniwa mpaka aondoke. Hata aliyeunguza mkate asubuhi huulizwa: umeitoa Dunia?

Noelene akaitoa. Kasi ya nyota ikashuka, na mtoro hakuwa mtoro tena, alikuwa nyota ya kawaida yenye haraka zake. Moyo wake ukacheza ngoma. Mwenzako mwema angetoka pale pale akamnong'oneze Tamsin kabla mambo hayajawa makubwa. Noelene aliinuka kweli, akaushika mlango, akakisikia kicheko cha Tamsin na cha Garth nyuma yake. Akarudi kukaa. Acha akaseme mbele za watu. Roho ya kwa nini haina dawa.

Ijumaa, kwenye chai ya asubuhi, walikuwapo wageni kutoka Sydney. Tamsin alieleza vizuri, wakapiga makofi. Noelene alisubiri makofi yaishe.

"Tam, mpenzi," akasema kwa sauti tamu ya kutia kichefuchefu, "umeitoa Dunia?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana mwulizaji hakuwa akicheka.

"Mimi nimeitoa. Nyota yako haitoroki popote. Imebaki nyumbani na sisi wengine."

Tamsin aliitazama kompyuta yake, halafu akamtazama Noelene. Uso wake haukuwa na hofu. Ulikuwa na huruma.

"Programu huitoa yenyewe, Nol," akasema polepole. "Tangu mwaka jana. Kwenye safu ile Dunia imeshatoka."

Noelene akakumbuka. Nani alisimama chumba kile kile mwaka jana, akigonga meza na kudai kwamba programu iitoe Dunia yenyewe kwa sababu wanafunzi wanasahau? Ni yeye. Alishinda, na Kev alisimuliwa ushindi huo wiki nzima. Sasa ameitoa mara ya pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Mwaka jana?" mgeni mmoja akauliza. "Nani alibadilisha?"

Garth akafungua kinywa. Ni mzito wa kukumbuka, lakini angefika. Tamsin akamwahi.

"Kosa langu hilo. Sikuandika juu ya safu kwamba imeshatolewa, mtu yeyote angeitoa tena. Asante, Nol. Afadhali wewe kuliko watu wa nje."

"Jicho hilo!" Garth akampiga Noelene begani. Kisha, keki ikiwa bado mdomoni, akatangaza kwamba kiongozi ni Tamsin.

Walibaki wawili kwenye sinki.

"Kwa nini hukusema?" Noelene akauliza.

"Kusema nini?"

"Usinifanye mjinga. Unajua ni mimi niliyeomba programu ibadilishwe."

"Wangekutania mpaka Krismasi, Nol. Ili iweje?"

Noelene alijua ili iweje. Angekuwa yeye, angesema, tena kwa sauti, na angelala usingizi mtamu. Alitaka kushukuru, akaishia kufuta sinki. Cheo angeweza kumwachia, na nyota, na kicheko cha Garth. Lakini kwamba mwanamke huyu alimzidi hata wema, hilo hakuweza kulimeza. Akamtazama akisuuza vikombe kwa utulivu, akamwonea wivu kuliko siku zote.