Bilauri ya Soko la Ibra

Asubuhi mimi ni mtumishi wa chuo hapa Ibra. Mchana, katika chumba cha nyuma nyumbani kwetu, natengeneza vioo vya rangi, vile vya kuunganisha vipande kwa madini ya risasi. Mwaka jana aliniandikia bibi mmoja Myahudi, mjane, anayeishi nchi ya mbali. Harusini kwao bwana arusi hukanyaga bilauri iliyofungwa kitambaa mpaka ivunjike. Yeye vipande vyake alivihifadhi tangu siku hiyo, na sasa mumewe amekufa. Alitaka nivipachike kwenye kioo kidogo cha kusimamisha nyuma ya mishumaa anayowasha kila Ijumaa jioni. Akanisihi nisichanganye na kipande cha bilauri nyingine.

Vilifika, vya samawati, ndani ya kitambaa kile kile cha harusi. Nikaviacha juu ya meza ya jikoni, nikaenda Nizwa kutafuta risasi. Uzembe ni wangu, sina wa kumlaumu.

Niliporudi, mama alinipokea kwa huruma. Mama amekulia Unguja mjini, na kwake kitu kikivunjika hutupwa upesi kabla hakijamkata mtoto.

"Pole, habibti. Bilauri ya mteja wako imevunjika njiani. Nishaitupa, na gari la taka la baladiya lishapita. Kitambaa nimekifua. Lakini usihuzunike, nimekwenda suku nikamnunulia nyingine, rangi ile ile."

Ilikuwa mezani, nzima, inang'aa. Nilitaka kupiga kelele. Nikasema, "Ahsante, mama."

Siku tatu nilimwandikia yule bibi barua ya kukiri, na kila mara niliifuta. Siku ya nne niliifunga bilauri ya mama katika kitambaa kile, nikaikanyaga. Naona haya hata kuliandika jambo hili. Kioo kilitoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na hilo nalo linanichukiza.

Nilimpelekea, na bibi alijibu kwamba kila Ijumaa, kabla ya kuwasha mishumaa, huweka kidole juu ya vile vipande akamsimulia mumewe habari za wiki. Nilisoma mara moja tu. Sikuweza kurudia.

Siku hiyo mama aliniuliza, "Yule bibi karidhika?"

"Karidhika, mama."

"Alhamdulillahi. Mpe salamu zangu, mwanangu. Mwambie ile bilauri nimemnunulia mimi."