Mchunga Umeme wa Sekei

Nimeona watu wakichunga ng'ombe, mbuzi, ngamia, hata bata. Anayechunga umeme nimemwona mmoja tu, kijiji cha Sekei, mlimani, enzi za Mjerumani. Huyo ni Lomayani, Mwarusha mwenye masikio marefu na maneno marefu zaidi.

Bwana mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa ameweka gurudumu kwenye mfereji. Maji yakilizungusha, mashine iliyofungwa nalo ilizaa umeme, na waya ikaupeleka nyumbani kuwasha taa. Kazi ya Lomayani ilikuwa kufungua lango la mfereji jioni na kulifunga watu wakienda kulala. Wenzake walimcheka.

"Mifugo yako inakula nini, Lomayani?"

"Inakunywa tu. Ndiyo maana zizi langu halina mavi."

Kisha taa zikaanza kukonyeza kila jioni, kabla ya chakula. Bwana akanguruma: Jumapili kuna wageni, taa zikizimika mbele yao, Lomayani ataacha mfereji na kwenda kubeba mizigo ya serikali hadi pwani. Aliyetafsiri ni Dismasi, mpishi aliyelelewa misheni, naye aliongeza chumvi yake.

"Umeme si wa washenzi, ndugu yangu. Unataka mtu aliyebatizwa."

"Basi uombee," Lomayani akamjibu.

Jumamosi mchana alifunga lango, akalirundikia mawe mtu asije akalifungua, akangoja gurudumu lisimame kabisa. Umeme, aliniambia, ni kama fahali: humgusi mpaka umemfunga. Ndipo akaifuata waya kwa mkono kutoka kwenye mashine, akiipapasa kama mtu anayetafuta kupe kwenye ng'ombe. Nje yote ilikuwa nzima. Ndani ya stoo ya chakula, chini ya dari, akakuta kiungo cha waya mbili: kitambaa cha kukifunika kimechanika, shaba imelegea na kuwa nyeusi. Kando ya kiungo, waya ilikuwa na mafuta. Akanusa vidole. Mkia wa kondoo.

Kamba ya mgomba ilikuwa bado inaning'inia pale. Dismasi alikuwa akitundika nyama ya Bwana kwenye waya ili panya wasiifikie, na kila jioni, kabla ya kupika, aliivuta ajikatie fungu lake. Waya ikicheza, kiungo kinaachana, taa zinakonyeza mezani.

Akamwita mpishi.

"Shemeji," alisema, ingawa hawakuoleana popote, "umeme wako uliobatizwa unanuka kondoo."

Dismasi akatazama kamba, akatazama mlango. "Utamwambia Bwana?"

"Mimi Kijerumani sijui. Wewe ndiwe mkalimani. Utanitafsiria."

Dismasi akaurudisha mlango. "Unataka nini?"

"Mbavu za kila kondoo. Na mkia tugawane."

Lomayani akaikwangua shaba mpaka ikang'aa, akaisokota upya ikakaza, akaizungushia kitambaa kikavu kilichopakwa nta. Dismasi mwenyewe akapigilia kigingi ukutani cha kutundikia nyama, mbali na waya. Mawe yakaondolewa langoni baada ya hapo tu.

Jumapili taa hazikukonyeza hata kidogo. Wageni wakasifu mwanga, Bwana akasifu mashine. Nyama tu haikuwatosha.

Nilipopita tena baada ya masika, Lomayani alikuwa bado mferejini, tena amenenepa. Bwana aliniambia kwa Kijerumani chake kizito kwamba hewa ya mfereji ni dawa, na kwamba anafikiria kumpeleka mpishi naye huko, maana siku hizi anakonda.