Siku za Kabla ya Kitambaa Chekundu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, katika kambi ya wafanyakazi ya Panda, jambo la mwisho la kawaida kabla sijaugua lilikuwa mama mudogo, yaani mdogo wake mama yangu, kuninawisha uso uani. Alipapasa vinundu nyuma ya masikio yangu, akacheka: "Weye, huku munaota maharagi." Alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Siku tatu baadaye vipele vilinitoka. Bibi yangu, tuliyemwita Kambo, akafunga kitambaa chekundu mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kwetu: penye kitambaa mwenye mimba hapiti, asije akazaa mtoto asiyeona. Wasichana wa jirani, kinyume chake, waliitwa wale bukari, yaani ugali, nami katika sahani moja, wamalizane na ugonjwa kabla ya kuolewa. Walikula huku wakiniita bwana-arusi wa madoadoa.

Leo naona kwamba desturi ile ilikuwa na akili. Msichana aliyeugua rubela, ugonjwa ule wa vipele, utotoni kwa kawaida hubaki na kinga. Kambo hakuyajua maneno hayo, lakini alijua nani wa kuita na nani wa kuzuia. Alikosea jambo moja tu: alihesabu hatari kuanzia siku ya kitambaa.

Mama mudogo alitii. Alihamia mtaa wa Kikula kwa rafiki yake, hakurudi hadi kitambaa kilipofunguliwa. Hata hivyo binti yake, Odile, alizaliwa na weupe ndani ya mboni za macho, na sufuria ilipoanguka karibu naye hakushtuka. Kambo alimtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Ulipita," alisema.

"Sikupita, mama."

"Macho ya mutoto yanasema ulipita."

Basi ikawa hivyo. Onyo la Kambo lilihesabiwa kuwa limetimia, na kila mke mpya kambini alisimuliwa habari za mama mudogo. Mwishowe yeye mwenyewe aliacha kukana.

Chuo kikuu nilijifunza kwamba rubela huweza kuambukiza hata wiki nzima kabla ya vipele. Siwezi kuthibitisha lolote, kwa sababu hakuna aliyepimwa damu. Lakini naikumbuka mikono iliyoninawisha. Nilimsimulia mke wangu alipopata mimba ya kwanza na daktari akampima kinga. Alikuwa nayo. Aliniambia nimweleze mama mudogo wiki ile ile, nami nikakubali. Ilipita miaka kumi na minne bila kumweleza.

Mke wangu alifariki mwaka huu. Siku ya mwisho ya matanga mama mudogo aliketi karibu nami, akanituliza.

"Usijihukumu, baba. Weye haukumuletea kifo. Miye ndiye niliharibia mutoto wangu."

Aliyasema hayo kama mtu anayetaja umri wake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Kikula, anakoishi sasa. Nilimkuta akichambua dagaa pamoja na Odile, ambaye sasa ni mwanamke mzima. Nilimweleza mama mudogo yote, pamoja na kwamba ugonjwa huenda ulitoka kwangu. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akataka nimwambie na Odile, lakini mimi sikuwahi kujifunza hata ishara moja ya kuzungumza naye. Basi nilisema polepole, sentensi moja moja, na mama mudogo akafuta mikono, akasogea karibu na macho ya binti yake, yanayoona kwa karibu tu, akamwambia kwa vidole kwamba mama yake hakupita.