Mbwa wetu alikwama kuzaa, mama mkwe akadhani ni mimi (Mosocho, miaka ya hamsini)

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni nyanya yenu, nakaribia tisini. Nimesoma uzi wa kijana aliyepoteza mbwa wake kwa sababu alingoja siku nzima akidhani ni uchungu wa kawaida. Imeniuma. Hii yangu siongezi chumvi, niliishika kwa mikono hii.

Nilizaliwa upande wa ziwani, nikaolewa Mosocho. Mzee wangu alikuwa fundi wa nguo Kisii town, anarudi nyumbani Ijumaa. Siku zingine tunabaki mimi na mama yake. Mimi Ekegusii sijui, yeye Kiswahili hajui. Tunaelewana kwa vidole.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Hiyo muikumbuke.

Kwini alikuwa mbwa wa mama mkwe. Bila yeye nyani wangemaliza mahindi yote.

Siku moja asubuhi akakataa chakula, akawa anachimba chini ya ghala na kuhema. Hapo sikushtuka, mbwa akikaribia kuzaa hufanya hivyo.

Baadaye akaanza kusukuma kwa nguvu. Nikaenda kupalilia mistari mitatu ya mahindi, nikarudi. Bado anasukuma, mtoto hakuna. Tena alikuwa ametokwa na maji ya kijani, karibu meusi.

Sasa nikaogopa. Baba yangu alikuwa akimsaidia daktari wa mifugo, na alituambia hivi: kijani kikitoka kabla ya mtoto wa kwanza, ujue kondo la nyuma limeachia na mtoto ndani hana muda.

Nikakimbilia migombani kwa mama mkwe. Neno la Ekegusii lililonijia ni moja tu: omwana, yaani mtoto. Nikalisema mara tatu huku nikionyesha nyumbani.

Mama akaniangalia tumbo, akatupa jembe, akaenda mbio. Si nyumbani. Kwa mkunga.

Mkunga, Kwamboka, alifika jasho likimtoka, mama nyuma yake. Kwamboka alikuwa ameishi Kericho kwenye majani chai, Kiswahili anakijua.

"Lala chini," akaniambia.

"Mama, si mimi. Ni huyu."

Akamwangalia Kwini. Akaniangalia mimi. Nilidhani atanichapa.

"Ameanza kusukuma saa ngapi?"

Nikamweleza, na ile kijani pia. Akainama, akaona mkia na mguu mmoja.

"Leta maji moto na samli."

Akanawa, akapaka samli, akangoja Kwini asukume ndipo akavuta polepole kuelekea chini. Akiacha kusukuma, naye anaacha. Mama mkwe alikuwa ameshika kichwa cha mbwa, anamnong'oneza maneno nisiyoyajua.

Wa kwanza alitoka amekufa.

Kisha akaja wa pili, analia. Halafu wengine watatu, bila shida.

Kwamboka akakaa chini, akaanza kucheka. Akamwambia mama kitu, mama akafunika uso kwa leso, naye akacheka mpaka machozi. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka tangu niolewe.

In short wakuu, mbwa akisukuma kwa nguvu karibu nusu saa bila mtoto, au kijani kitangulie, au apumzike zaidi ya saa mbili na bado kuna watoto ndani, au alegee tu, usingoje. Piga simu kwa vet. Msivute wenyewe. Sisi vet hatukuwa naye, na mkono wa Kwamboka ulikuwa umezalisha nusu ya kijiji.

Jioni ile mama mkwe aliniita jikoni, akaanza kunifundisha Ekegusii. Sentensi ya kwanza, aliyotaka niirudie mpaka nikaitamka sawasawa, ilikuwa "mbwa anazaa."

Wenye mbwa, nyinyi mliona dalili gani? Andikeni hapa chini, yule kijana naye asome.